Nakshi za Vitambaa vya Mashati

1. Shati lililoniletea ugomvi

Nitaanza somo hili kwa kisa changu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya elimu ya watu wazima nilinunua kitambaa cha shati. Kilikuwa na miraba mikubwa, nyekundu na buluu. Nilikiona kimetundikwa dukani, nikakipenda. Nilinunua mita mbili. Nikazipeleka kwa fundi cherehani wa pale kijijini.

Fundi alikitandaza kitambaa mezani. Alikipima, akakikunja, akakikunjua tena. Kisha akaniambia, "Mwalimu, kitambaa hiki hakitoshi. Ongeza nusu mita."

Nilishangaa. Nikamwambia, "Fundi, shati langu la kijani ulilishona kwa mita mbili hizi hizi. Na mimi sijanenepa."

"Lile la kijani halikuwa na nakshi," alijibu. "Hili lina miraba. Miraba hula kitambaa."

Maneno yale sikuyaamini. Nilikuwa nimesikia watu wakisema kwamba mafundi huomba kitambaa kingi ili wabaki na vipande. Nikamwambia ashone hivyo hivyo. Fundi alinyamaza. Akaandika vipimo vyangu katika daftari lake.

Baada ya siku nne nilikwenda kulichukua shati. Mshono ulikuwa mzuri. Lakini mfuko ulionekana kama dirisha lililopachikwa vibaya ukutani. Miraba ya kifua cha kulia ilikuwa juu. Miraba ya kifua cha kushoto ilikuwa chini. Nilipofunga vifungo, mistari ilikatika katikati, kama njia iliyokatwa na mto.

Nilimgombeza fundi mbele ya wateja wake. Nilisema hajui kazi. Yeye hakunijibu neno.

Kumbe mimi ndiye niliyekuwa sijui. Katika somo hili nitaeleza mambo niliyojifunza baadaye. Tutaona nakshi za mashati ya kutokea, yaani mashati ambayo mwanamume huvaa sokoni, kwenye sherehe au anapotembelea jamaa. Tutaona nakshi hizo hutengenezwa vipi na zilitoka wapi. Tena tutaona jinsi ya kununua kitambaa chake. Ukiyajua haya hutapoteza fedha yako bure, wala hutamlaumu mtu asiye na kosa.

2. Somo la mkeka

Darasani kwetu alikuwako mama mmoja, msusi wa mikeka. Kila mara alikuja na ukili wake, akausuka wakati wa mapumziko. Siku moja nilimwonyesha lile shati huku nikilalamika. Mama alicheka kidogo.

"Mwalimu," alisema, "hebu nikuulize. Nakshi ya mkeka huu nimeitia lini? Kabla ya kusuka, au baada ya kusuka?"

Sikuwa na jibu.

"Nimeitia kabla," alisema. "Kwanza nauchemsha ukindu na rangi. Kisha nausuka. Ukindu mwekundu ukipita juu ya mweupe, nakshi inatokea. Geuza mkeka, utaiona na upande wa pili. Sasa, mtu mwingine anaweza kusuka mkeka mweupe mtupu, halafu akaupaka rangi juu. Hiyo nayo ni nakshi, lakini imekaa juu tu. Basi mwanangu, vitambaa navyo viko namna mbili hizo."

Mama yule alikuwa amesema kweli.

Kitambaa kinachofumwa kina nyuzi za namna mbili. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu huitwa mtande. Nyuzi zinazokatiza kwa upana huitwa mshindio. Mshindio hupita juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya uzi unaofuata, kama ukindu katika mkeka.

Katika namna ya kwanza, nyuzi hutiwa rangi kabla ya kufumwa. Mfumi huzipanga nyuzi za rangi, na nakshi hutokea wakati wa kufuma. Hii ni nakshi iliyofumwa. Mistari na miraba mingi hutengenezwa hivyo.

Katika namna ya pili, kitambaa hufumwa kwanza kikiwa cheupe. Baadaye hupigwa chapa ya rangi. Hii ni nakshi iliyochapwa. Maua, ndege, majani na michoro ya kupinda hutengenezwa hivyo, kwa sababu ni vigumu kuipata kwa nyuzi zilizonyooka.

Je, utazitambuaje? Watu wengi hugeuza kitambaa na kutazama upande wa nyuma. Ukiona nyuma kumepauka na mbele kumekolea, jua kwamba kitambaa kimechapwa. Lakini dalili hii peke yake haitoshi. Viko vitenge vizuri vilivyochapwa ambavyo rangi yake imepenya ikatokea pande zote mbili.

Dalili ya hakika ni uzi. Nenda kwenye ukingo uliokatwa, mahali penye rangi. Chomoa uzi mmoja, uutazame. Kama uzi wote una rangi moja toka mwanzo hadi mwisho, rangi ilitiwa kabla ya kufuma. Kama uzi una mabaka, hapa nyekundu, hapa nyeupe, hapa buluu, basi kitambaa kilichapwa. Chomoa uzi wa urefu na uzi wa upana, kwani huenda rangi iko upande mmoja tu.

Usidhani kwamba kuchapwa ni kosa. Chapa nzuri hudumu miaka mingi. Lakini ni vizuri kujua unachokinunua.

3. Mistari

Nakshi iliyo rahisi kufumwa ni mistari. Mfumi hupanga katika mtande nyuzi kadhaa nyeupe, kisha nyuzi kadhaa za rangi, kisha nyeupe tena. Mshindio hupita ndani yake. Mistari hutokea kwa urefu wa kitambaa.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wanaijua mistari toka zamani. Tazama kikoi. Katikati mara nyingi kina rangi moja. Kwenye kingo zake za urefu kuna mistari ya rangi nyingi. Siku hizi mafundi hushona hata mashati kwa kitambaa cha kikoi.

Mistari ya mashati ina ukubwa mbalimbali. Ipo myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu. Hiyo ukiwa mbali huioni, waona rangi moja tu. Ipo mipana kiasi cha nusu sentimeta au zaidi kidogo, mmoja mweupe na mmoja wa rangi, yote sawa kwa upana. Hiyo huitwa mistari ya Bengal. Bengal ni nchi ya mashariki ya India na Bangladesh. Wafanyabiashara wa Ulaya walinunua huko vitambaa vingi vya mistari, na jina likabaki.

Kipo kitambaa kingine cha mistari ambacho kinafaa sana nchi za joto. Ukikigusa utaona kwamba mstari mmoja ni laini, na mstari wa pili umejikunyata. Zamani Waajemi walikiita kwa maneno yenye maana ya "maziwa na sukari". Mstari laini ni kama maziwa, na mstari wenye mikunyo ni kama sukari yenye chembe. Jina hilo likapita India, likafika Uingereza, likageuka kuwa sirsaka.

Mikunyo ile hupatikanaje? Wakati wa kufuma, nyuzi za mstari mmoja huvutwa sana. Nyuzi za mstari wa pili hulegezwa. Zile zilizolegea hujikunja. Kwa sababu ya mikunyo hiyo kitambaa hakigandi mwilini. Hewa hupita kati ya ngozi na shati. Tena shati hilo halihitaji pasi. Ukiligandamiza kwa pasi unaiua mikunyo yenyewe.

Mistari ni rahisi kwa fundi kuliko miraba. Inakwenda upande mmoja tu. Fundi huangalia tu kwamba imesimama wima kifuani, na kwamba pande mbili za kola zinafanana.

4. Miraba

Mfumi akiweka mistari katika mtande, na mistari mingine katika mshindio, mistari hukatizana. Hapo ndipo miraba inapozaliwa. Miraba ni ya namna nyingi. Tutaona tatu.

Miraba ya gingamu

Hii ni miraba midogo iliyo sawa, ya rangi moja na nyeupe. Huonekana katika mashati, sare za shule na vitambaa vya meza. Katika karne ya 18 wafumi wa Manchester, nchini Uingereza, walifuma gingamu kwa wingi.

Tazama gingamu ya buluu. Utahesabu rangi tatu: buluu iliyokolea, buluu hafifu na nyeupe. Lakini mfumi alikuwa na nyuzi za rangi mbili tu! Penye buluu juu ya buluu, rangi imekolea. Penye nyeupe juu ya nyeupe, ni nyeupe. Penye buluu na nyeupe pamoja, jicho huchanganya, nawe unaona buluu hafifu.

Miraba ya Madras

Madras ni mji wa pwani ya India ya kusini. Tangu mwaka 1996 unaitwa Chennai. Wafumi wa sehemu hizo walifuma kwa mkono kitambaa chepesi cha pamba chenye miraba ya rangi nyingi. Miraba yake haifanani. Mmoja mkubwa, mwingine mdogo, mmoja wa manjano, mwingine wa kijani.

Zamani rangi zake zilitokana na mimea, nazo zilichuja. Kila shati lilipofuliwa, rangi ziliingiliana kidogo. Katika miaka ya 1960 mashati hayo yalipendwa sana na vijana wa Marekani. Wauzaji walijua kwamba wanunuzi wangelalamika kuhusu kuchuja. Basi wakatangaza kwamba kitambaa hiki ni cha kuchuja, na kwamba kuchuja ndiyo sifa yake. Watu wakakinunua kwa sababu hiyo hiyo.

Wauzaji wale walijua biashara. Lakini walisema wazi. Mnunuzi alijua kwamba shati lake litachuja, akalifua peke yake kwa maji baridi. Ubaya ni kununua kitambaa kinachochuja bila kujua, ukakifua pamoja na kanzu nyeupe ya baba mkwe.

Vitambaa vingi vya Madras vinavyouzwa siku hizi havichuji, kwa kuwa rangi zake ni za kiwandani.

Miraba ya tatani

Hii asili yake ni Uskoti, nchi ya baridi iliyo kaskazini ya Uingereza. Kule ilifumwa kwa sufu. Mpango wa rangi ulio katika mtande hurudiwa vile vile katika mshindio. Kama mtande una nyuzi nyekundu, kisha nyeusi, kisha kijani, mshindio nao hufuata mpango huo huo.

Mwaka 1745 watu wengi wa milima ya Uskoti waliasi dhidi ya mfalme wa Uingereza. Mwaka 1746 walishindwa vitani. Mwaka huo huo serikali ilitunga sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi ya jadi ya milimani. Koti la tatani nalo lilikatazwa. Askari wa mfalme tu ndio walioruhusiwa. Mtu akikamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi sita. Akikamatwa mara ya pili alipelekwa ng'ambo kwa miaka saba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Serikali iliona kwamba nguo inaweza kuwaunganisha watu, na ikaiogopa. Leo Waskoti huvaa tatani kwa fahari.

Katika mitumba utaona mashati mazito ya pamba yenye miraba ya namna hii. Uso wake umesuguliwa mpaka ukawa na manyoya laini. Mashati hayo yanafaa mahali pa baridi kama Makete, Njombe na Lushoto. Dar es Salaam au Tanga yatakutoa jasho.

Sisi wenyewe tunaijua miraba. Shuka nyingi za Wamasai zina miraba mikubwa ya nyekundu na nyeusi, au nyekundu na buluu. Mchungaji aliyevaa shuka hiyo huonekana toka mbali katika nyika.

5. Maua na picha

Sasa tuje kwenye nakshi zilizochapwa.

Katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia, watu hutengeneza nakshi kwa nta. Kitambaa hiki huitwa batiki. Fundi huyeyusha nta, akachora kwa nta hiyo juu ya kitambaa. Kisha hukitia kitambaa katika rangi. Mahali penye nta rangi haiingii. Baadaye nta huondolewa kwa maji ya moto, na mchoro huonekana. Mwaka 2009 shirika la UNESCO liliiweka batiki ya Indonesia katika orodha ya urithi wa binadamu.

Katika karne ya 19 Waholanzi, waliokuwa wakiitawala Java, waliiga kazi hiyo kwa mashine. Vitambaa vyao vikapata soko kubwa Afrika ya Magharibi. Vitenge tunavyovijua leo ni wa ukoo huo. Baadaye nchi za Afrika zilijenga viwanda vyao. Hapa Tanzania kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, nacho kilijulikana kwa khanga na vitenge vyake.

Mbali sana, katika visiwa vya Hawaii, mafundi wa mji wa Honolulu walianza kushona mashati ya maua katika miaka ya 1930. Mwanzoni walitumia vitambaa vya Kijapani vya kushonea kimono, kwani Wajapani wengi walikuwa wamehamia kule kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Mashati hayo yana mikono mifupi, na hayachomekwi. Watalii walirudi nayo kwao, yakaenea duniani. Katika shati zuri la Hawaii huuoni mfuko upesi. Ua lililokatwa na mfuko huendelea juu ya mfuko kana kwamba halikukatwa.

Zamani watu wengi walidhani kwamba shati la maua si vazi la heshima. Nelson Mandela, aliyekuwa Rais wa Afrika Kusini toka 1994 hadi 1999, aliwaonyesha vingine. Alivaa mashati ya nakshi, bila tai, hata alipokutana na wakuu wa nchi nyingine. Heshima ya Mandela haikupungua.

Nakshi za picha zina hatari moja. Baadhi yake zina juu na chini. Tuseme kitambaa kina jogoo, na majogoo yote yamesimama kuelekea upande mmoja. Fundi akikata kifua hivi na mgongo vile ili kuokoa kitambaa, majogoo ya mgongoni yatasimama kwa vichwa. Utapita sokoni, na watu watacheka nyuma yako, nawe hujui kwa nini. Kwa hiyo nakshi yenye juu na chini lazima vipande vyote vikatwe kwa kuelekea upande mmoja. Hapo tena kitambaa zaidi kinahitajika.

Ukitaka nakshi isiyo na taabu, chagua maua madogo yaliyotawanyika, au madoadoa madogo. Hayo hayana juu wala chini, na jicho halitaona mahali yalipokatwa.

6. Unaponunua kitambaa

Ukifika dukani, fanya mambo haya matano kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, gusa kitambaa na uliza ni cha nini. Pamba hunyonya jasho. Nyuzi za kiwandani kama nailoni na poliesta hazinyonyi jasho vizuri, lakini hukauka upesi na hazikunjiki sana. Vitambaa vingi vimechanganywa.

Pili, chomoa uzi, kama tulivyoeleza, ujue kama nakshi imefumwa au imechapwa.

Tatu, kama miraba imechapwa, tazama kama imenyooka na nyuzi. Fuata uzi mmoja wa upana kwa jicho. Je, mstari unakwenda pamoja na uzi, au unapanda kama mlima? Ukiona unapanda, kiache. Fundi akifuata nyuzi, miraba itakaa upande. Akifuata miraba, shati likifuliwa litajipinda.

Nne, jaribu rangi. Lowesha kitambaa kidogo cheupe, usugue mahali penye rangi iliyokolea. Kikitoka na rangi nyingi, jua kwamba kitachuja.

Tano, pima nakshi. Weka kidole mahali mraba unapoanza. Tembeza kidole mpaka nakshi ile ile inapoanza tena. Hesabu ni vidole vingapi. Nakshi ikirudi baada ya vidole viwili, hakuna taabu kubwa. Ikirudi baada ya shubiri nzima, lazima uongeze kitambaa.

Ukifika nyumbani, loweka kitambaa cha pamba katika maji, kikauke, ndipo ukipeleke kwa fundi. Pamba hurudi. Afadhali irudi kabla ya kukatwa kuliko shati kurudi likiwa mwilini.

7. Kwa nini miraba hula kitambaa

Shati si kipande kimoja. Lina vifua viwili, mgongo, mikono miwili, kola, mfuko na kipande cha mabegani. Kitambaa kisicho na nakshi hukatwa popote. Fundi huvibananisha vipande, kimoja hapa, kingine pale, na hakipotei kitambaa kingi.

Kitambaa cha miraba hakikatwi hivyo. Kama kifua cha kulia kimeanzia katikati ya mraba mwekundu, kifua cha kushoto nacho lazima kianzie katikati ya mraba mwekundu. Basi fundi husogeza kipimo chake mpaka akutane na mraba huo. Nafasi aliyoiruka hubaki kama kipande kidogo kisichofaa kitu. Hufanya hivyo kwa vifua, kwa mikono na kwa mfuko. Kwa miraba mikubwa, mara nyingi huhitaji robo mita mpaka nusu mita zaidi.

Tufanye hesabu kwa bei ya mfano. Tuseme mita moja ni shilingi 6,000, na ushonaji ni shilingi 10,000.

Mita 2 ni shilingi 12,000.
Mita 2 na nusu ni shilingi 15,000.
Tofauti ni shilingi 3,000.

Mtu anayekataa kuongeza shilingi 3,000, kisha akapata shati asilotaka kulivaa, amepoteza 12,000 za kitambaa na 10,000 za fundi. Jumla ni shilingi 22,000. Je, huo ni ubanaji wa matumizi?

Kama huna hizo 3,000, usivunjike moyo. Chagua miraba midogo au mistari. Au mwambie fundi asitie mfuko. Au mwambie aukate mfuko kimshazari. Mfuko wa kimshazari huonyesha miraba imesimama kwa pembe. Kila mtu ataona kwamba umekusudiwa, hakuna atakayetafuta kama unalingana.

Jambo kubwa ni hili: mwulize fundi kabla ya kununua. Mwonyeshe kwa vidole ukubwa wa miraba unayoitaka. Yeye ndiye ajuaye kipimo cha mwili wako na upana wa vitambaa vya madukani.

8. Nilirudi kwa fundi

Baada ya somo la yule mama, nilikaa na aibu kwa wiki nzima. Kisha nikalichukua shati langu, nikaenda kwa fundi. Nilimkuta na wateja wawili. Ilikuwa vizuri, kwa sababu nilikuwa nimemgombeza mbele ya watu.

"Fundi," nilisema, "kosa lilikuwa langu. Uliniambia kitambaa hakitoshi, nami sikukuamini. Nakuomba radhi."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Akafungua kabati, akatoa kifurushi cha gazeti. Juu yake ameandika kwa kalamu: "Mwalimu." Ndani mlikuwa na vipande vya kitambaa changu. Vyote pamoja havikutosha hata leso. Kile nilichodhani amekila, alikuwa amenitunzia.

"Nilijua utarudi," alisema. "Lete shati."

Aliufumua mfuko. Akaupandisha vidole viwili, mistari yake ikakutana na mistari ya kifua. Akaushona tena. Kwa kifua hakuweza kufanya kitu, kwani kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Nilipouliza bei alikataa kupokea fedha.

Shati hilo bado ninalo. Ninapofundisha somo hili hulivaa. Wanakisomo hutazama mfuko uliolingana, kisha hutazama kifua kisicholingana. Halafu huniuliza maswali.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kuna tofauti gani kati ya nakshi iliyofumwa na nakshi iliyochapwa?
2. Tazama nguo mliyoivaa leo darasani. Ni nani amevaa nakshi iliyofumwa? Mmejuaje?
3. Kwa nini gingamu ya rangi mbili huonekana kama ina rangi tatu?
4. Kwa nini serikali ya Uingereza iliogopa mavazi ya watu wa milimani? Je, unajua nguo nyingine inayowatambulisha watu?
5. Mita moja ni shilingi 7,000. Mtu anahitaji mita 2 na robo. Atalipa shilingi ngapi?
6. Wewe ungekuwa fundi, ungemjibu nini mwalimu siku ile alipokugombeza?